Acheni wake wa Mswati, tuongelee watu wa Eswatini

Kila jina la mfalme Mswati wa Eswatini (zamani Swaziland) likitajwa kwenye magrupu yetu ya WhatsApp najua kabisa kinachofuata, ni picha za mabinti kwenye ngoma ya Umhlanga, watu wanaanza kuhesabu wake, mwingine anatupia picha za Rolls-Royce, mnacheka kidogo alafu mada inahamia kwenye mpira. Mwaka 2019 ilisambaa hadi habari ya uongo kwamba ameamuru kila mwanaume aoe wake watano la sivyo jela, serikali yake ikakanusha, lakini hadi leo nakutana na watu wazima wanaisimulia kama kitu kilichotokea kweli.

Mimi hii kitu inaniuma, nasema ukweli. Ile ni nchi ya watu kama milioni 1.2 hivi, imebanwa kati ya Afrika Kusini na Msumbiji, ni wenzetu kwenye SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na kwa zaidi ya miaka 50 hakuna mwananchi aliyeruhusiwa kusimama kwenye uchaguzi kwa jina la chama. Watu wamefungwa, wamepigwa risasi, wamekimbia nchi, na sisi tunaojuana nao kwa jirani kabisa tunachojua kuhusu hao watu ni idadi ya wake wa bwana mkubwa wao.

Nilisoma Durban, na pale hosteli jirani yangu alikuwa kijana wa Eswatini kutoka upande wa Lubombo, sitamtaja jina na mkisoma hadi mwisho mtaelewa kwa nini. Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni kwamba hakuwa anakomenti wala ku-like kitu chochote cha siasa ya kwao Facebook, hata post ambayo dakika tano kabla alikuwa ananisomea kwa sauti huku amekasirika. Nikamuuliza unaogopa polisi, si uko Afrika Kusini bwana? Akanambia polisi sio shida kubwa, shida ni chifu. Mama yake anakaa kwenye ardhi ya chifu.

Hapo ndo alinifungua macho. Sehemu kubwa ya ardhi ya Eswatini inaitwa ardhi ya taifa, anaishika mfalme kwa niaba ya watu, na chini yake machifu ndo wanaogawa. Ukitaka kiwanja unakwenda kwa chifu, unafanya kitu wanaita kukhonta, yaani unajikabidhi kwake, desturi ni kutoa ng'ombe, unapewa mahali pa kujenga na kulima. Hupewi hati. Unaweza kukaa pale miaka 40, ukazika wazazi wako pale, ukajenga nyumba ya matofali na bati zuri, lakini karatasi ya kuonyesha kwamba hapo ni kwako huna. Na kuna kazi za kwenda kumfanyia chifu au mfalme, kupalilia mashamba, kukata miti, usipokwenda unaweza kupigwa faini. Jamaa aliniambia hata kuomba mkopo wa chuo familia yao ilihitaji barua ya chifu kuonyesha kwamba ni watu wa pale. Sasa wewe piga picha, kijana yuko Durban anaandika sentensi moja mtandaoni, na anayelala kwenye hatari ni mama yake mwenye miaka sitini na kitu, kijijini.

Na hiyo hofu ina mfano halisi ambao kila mtu kule anaujua. Mwaka 2000 kwenye maeneo ya kaMkhweli na Macetjeni watu walitolewa kwenye makazi yao kwa nguvu, kisa walikataa kumkubali kaka wa mfalme, Prince Maguga, awe chifu wao badala ya machifu waliowazoea. Familia zikapakiwa zikatupwa mbali na kwao. Wakaenda mahakamani, na mahakama ya rufaa ikasema warudishwe. Waziri mkuu wa wakati huo, Sibusiso Dlamini, akatangaza kwamba serikali haitatii hukumu hiyo na nyingine iliyohusu dhamana. Hivyo tu, hadharani. Novemba 2002 majaji wote sita wa mahakama ya rufaa wakajiuzulu kwa pamoja, nchi ikakaa bila mahakama ya juu kwa miaka. Mimi kila nikisoma habari za wale majaji najiuliza ni mara ngapi kwenye bara letu umesikia benchi zima la majaji linaondoka kwa sababu ya wakulima waliofukuzwa kwenye viwanja vyao.

Lakini mzizi wa yote hayo ni wa zamani kuliko Mswati mwenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanakosea wanapodhani kwamba shida ni mfalme mmoja mpenda anasa. Nchi ilipata uhuru kutoka Uingereza tarehe 6 Septemba 1968 ikiwa na katiba, bunge na vyama. Mfalme alikuwa Sobhuza II, baba yake Mswati, na chama cha upande wa mfalme, Imbokodvo, kilikuwa na viti vyote. Ukaja uchaguzi wa 1972, Imbokodvo wakachukua viti 21 kati ya 24. Vitatu tu vikaenda kwa upinzani, chama cha NNLC cha Dkt Ambrose Zwane, eneo la mashamba ya miwa ambako wafanyakazi walikuwa wamechoka. Vitatu! Serikali yoyote inayojiamini ingewaacha wale watatu wapige kelele bungeni basi. Wao wakamshika mmoja wa wale wabunge, Bhekindlela Ngwenya, wakasema sio raia, ni mtu wa Afrika Kusini, aondoke. Akaenda mahakamani akashinda, bunge likabadilisha sheria ya uhamiaji ili kumnasa, mahakama ya rufaa ikasema hiyo sheria inavunja katiba.

Jibu la Sobhuza likawa kufuta katiba. Tarehe 12 Aprili 1973 alitangaza kwamba mamlaka yote, ya kutunga sheria, ya kuendesha serikali na ya mahakama, yako mikononi mwake, bunge likavunjwa, vyama vya siasa marufuku, mikutano ya siasa marufuku, na mtu anaweza kuwekwa ndani siku 60 bila mashtaka, zikiisha zinaanza zingine. Tarehe hiyo, 12 Aprili, hadi leo wanaharakati wa kule wanaikumbuka kila mwaka kwa maandamano, na kila mwaka polisi nao wanaikumbuka kwa namna yao.

Sobhuza alifariki 1982, Mswati akaitwa kutoka shuleni Uingereza, akatawazwa Aprili 1986 akiwa na miaka 18. Hakuanzisha huo mfumo, aliurithi, alafu akaukarabati. Mwaka 2005 ikaja katiba mpya ambayo ukiisoma haraka inapendeza sana, ina sura nzima ya haki, uhuru wa kukusanyika umo, uhuru wa kujiunga na vikundi umo. Endelea kusoma ufike kwenye uchaguzi sasa, inasema mtu anachaguliwa kwa sifa zake binafsi kupitia tinkhundla, yaani yale majimbo yao ambayo leo yako 59. Chama hakina nafasi. Waziri mkuu anateuliwa na mfalme, baraza la mawaziri hivyo hivyo, seneti ina watu 30 na 20 kati yao anawateua yeye, na yeye mwenyewe hashtakiki. Kuna pia mfuko unaitwa Tibiyo Taka Ngwane, ulianzishwa 1968 kwa ajili ya taifa, una hisa kwenye sukari na biashara nyingine kibao, unasimamiwa na mfalme na bunge halina la kuuliza. Kwenye nchi ambayo karibu robo ya watu wazima wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko nchi zote duniani, na zaidi ya nusu ya watu wanahesabiwa maskini, hilo swali la nani anashika pesa ya sukari sio swali la wasomi, ni la dawa na la ada.

Sasa nije kwenye fulana.

Mwaka 2008 walipitisha sheria ya kupambana na ugaidi, na Novemba mwaka huohuo wakakitangaza chama cha PUDEMO kuwa kundi la kigaidi. PUDEMO walianza 1983 kwa siri, madai yao ni vyama viruhusiwe na serikali ichaguliwe. Baada ya hapo ukivaa fulana yenye jina lao wewe ni mfuasi wa magaidi kisheria. Tarehe 1 Mei 2010, sikukuu ya wafanyakazi, Manzini, polisi wakamkamata mwanaume mmoja kwenye mkutano wa vyama vya wafanyakazi, Sipho Jele, kosa lake kavaa fulana ya PUDEMO. Siku chache baadaye akakutwa amekufa ndani ya jela, maelezo ya serikali ni kwamba alijinyonga. Familia ikajiandaa kumzika, wenzake wakaja na bendera ya chama na fulana zilezile, polisi wakavamia msiba na mazishi yakasimamishwa, hayakufanyika siku ile. Mtu ameshakufa, hana tena cha kusema, bado nguo wanayotaka kumzikia inatafutwa na askari. Mimi nimetoka kwenye jamii ambayo ugomvi wote unasimama msibani, hata wale msioongea mnachota maji pamoja, kwa hiyo hii ya Sipho Jele ilinikaa kichwani kuliko takwimu yoyote.

Na haikuisha hapo. Aprili 2014 watu saba walikamatwa nje ya mahakama kuu Mbabane, tena fulana za PUDEMO, tena sheria ya ugaidi. Mwezi uliofuata Mario Masuku, rais wa chama, pamoja na kijana Maxwell Dlamini wakakamatwa kwa maneno waliyoyasema jukwaani Mei Mosi, wakakaa ndani zaidi ya mwaka mmoja wakinyimwa dhamana, na Masuku alikuwa mgonjwa wa sukari.

Wale watu saba pale nje ya mahakama walikwenda kusikiliza kesi gani? Ya Thulani Maseko na Bheki Makhubu. Hii kesi nayo ni ya kuikalia chini. Kulikuwa na mkaguzi mkuu wa magari ya serikali, Bhantshana Gwebu, alifanya kazi yake kama inavyotakiwa, akasimamisha gari la serikali lililokuwa linatumiwa na jaji bila kibali na kumwandikia dereva kosa. Aliyekamatwa ni yeye mkaguzi. Maseko, ambaye alikuwa wakili wa haki za binadamu, na Makhubu, mhariri wa jarida la The Nation, wakaandika kwamba hiyo sio haki, mahakama inatumika vibaya. Wakashtakiwa kwa kudharau mahakama, wakahukumiwa miaka miwili kila mmoja. Walitoka tarehe 30 Juni 2015 mahakama ya juu ilipofuta hukumu, baada ya jaji mkuu wa wakati ule kuanguka kwa kashfa zake mwenyewe, lakini walishakaa ndani miezi kumi na tano.

Yote hayo yanaweza kuonekana ni mambo ya wanaharakati wachache. Mwaka 2021 ndo ikawa ya kila mtu.

Mwezi Mei 2021 mwanafunzi wa sheria, Thabani Nkomonye, alikutwa amekufa, na vijana wengi wakaamini polisi wanahusika. Kwenye ibada ya kumkumbuka polisi wakarusha mabomu ya machozi. Msibani tena. Vijana wakaanza kwenda kwa wabunge wao, jimbo kwa jimbo, na barua za madai. Naomba hapa msome polepole kwa sababu ndo kiini cha yote ninayoandika: walikwenda kwenye tinkhundla! Hawakuanzisha chama, hawakushika silaha, walichukua ule mfumo ambao miaka yote wameambiwa ndo demokrasia yao ya asili, wakautumia hasa kama ulivyoandikwa, unaandika shida yako unampelekea mbunge wako. Wakataka waziri mkuu anayechaguliwa na wananchi. Wabunge watatu wakawasikiliza na kulisema bungeni, Mduduzi Bacede Mabuza, Mthandeni Dube na Mduduzi Simelane.

Tarehe 24 Juni kaimu waziri mkuu Themba Masuku akapiga marufuku kupeleka hizo barua. Ukishaziba hapo, mtu aende wapi?

Ndani ya wiki nchi ikawaka. Na sitaficha, maduka yalichomwa, malori yalichomwa, mali za watu wasio na hatia ziliporwa, nilimuona rafiki yangu akiangalia video za mji wake kwenye simu hajui afurahi au alie. Lakini jeshi lilipoingia mtaani halikuja kuzima moto, watu walipigwa risasi za moto, wengine mgongoni wakikimbia, wengine hawakuwa hata kwenye maandamano. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyohiyo, sio ya wazungu, baadaye iliandika kwamba watu wasiopungua 46 waliuawa na 245 wakajeruhiwa kwa risasi, wanaharakati wanasema ni zaidi. Mtandao ukakatwa. Rafiki yangu alikuwa anapiga simu ya kawaida kwa mama yake usiku, maongezi ya sekunde chache tu, umekula, mko ndani, funga mlango, kwa sababu hata kwenye simu mama hakutaka kutaja kinachoendelea nje.

Mabuza na Dube walikamatwa Julai 25 mwaka huo, Simelane akakimbia nchi. Wakanyimwa dhamana mara kwa mara. Juni 2023 mahakama kuu ikawatia hatiani kwa ugaidi na pia kwa vifo vya watu wawili waliogongwa na gari wakati wa zile vurugu, na Julai 2024 ikatoa hukumu, Mabuza miaka 25, Dube miaka 18. Hawa walikuwa wabunge waliochaguliwa kwa sifa binafsi, kwa mfumo wa mfalme mwenyewe, na kilichowaingiza kwenye matatizo ni kusema bungeni kile walichotumwa na wapiga kura wao.

Alafu Thulani Maseko. Baada ya 2021 alikuwa mwenyekiti wa jukwaa lililounganisha vyama, makanisa, wafanyakazi na wafanyabiashara, wote wanadai mazungumzo ya kitaifa kwa amani. Pia alikuwa amekwenda mahakamani kupinga mfalme kubadilisha jina la nchi kutoka Swaziland kuwa Eswatini mwaka 2018 bila kuwauliza wenye nchi. Tarehe 21 Januari 2023, Jumamosi, mfalme alihutubia watu na kusema wanaodai mabadiliko wasije kulia kwamba mamluki wanawaua, kwa sababu wao ndo walioanza vurugu. Usiku wa siku hiyohiyo Maseko alikuwa sebuleni kwake na mkewe Tanele na watoto, risasi zikapita dirishani. Alikufa mbele yao. Serikali ilikana kuhusika na ikatuma rambirambi, ikasema itachunguza, lakini miaka miwili baadaye hakuna mtu aliyekuwa amefikishwa mahakamani. Aliyeonja mkono wa dola ni mjane, Machi 2024 Tanele alishikwa mpakani akirudi nyumbani, akahojiwa na kunyang'anywa simu.

Kuna watu watasema, na nimewasikia, kwamba huo ni utamaduni wao, tusiwaingilie, wanampenda mfalme wao. Ni kweli wengi wanampenda, rafiki yangu mwenyewe anapenda Incwala, ile sherehe ya kila mwaka ya kifalme, na alikuwa anakasirika wazungu wakiidharau. Maseko hakuwa anapigana na ngoma. Mtu anaweza kumheshimu mfalme kama baba wa mila na bado akataka kumchagua waziri wa afya, Lesotho wana mfalme na wana vyama na wanapiga kura, wako palepale jirani. Hilo la utamaduni nalikataa hasa kwa sababu amri ya 1973 haikutoka kwenye mila, ilitoka kwenye viti vitatu vya upinzani.

Na sisi wa SADC tumefanya nini. Novemba 2021 Ramaphosa alikwenda kuonana na mfalme, wakakubaliana kutakuwa na mazungumzo ya kitaifa. Yale waliyoyaomba watu hayakufanyika, kilichoitishwa Oktoba 2023 ni sibaya, mkutano kwenye zizi la kifalme Ludzidzini, ambako watu wanasimama kwa zamu kuongea mbele ya mfalme na mfalme ndo anafunga mjadala. Kuanzia Agosti 2024 hadi Agosti 2025 nchi yetu, Tanzania, ndo ilikuwa mwenyekiti wa ile asasi ya SADC ya siasa, ulinzi na usalama. Mezani kulikuwa na mengi, Congo peke yake inatosha kujaza kikao, naelewa. Lakini Septemba 2024 kiongozi wa PUDEMO Mlungisi Makhanya, ambaye anaishi uhamishoni, aliripotiwa kulishwa sumu Pretoria, kwenye nchi nyingine mwanachama, akanusurika, na sikumbuki hata swali moja kwenye vyombo vyetu. Julai 2025 Eswatini ikarudi kwenye habari za dunia kwa sababu Marekani iliwapeleka kule watu watano iliowafukuza, raia wa Vietnam, Jamaica, Laos, Cuba na Yemen, wakafungiwa jela Matsapha bila kesi yoyote nchini humo. Wananchi walijua ndege ikiwa imeshatua. Mikataba ya namna hiyo inawezekana pale ambapo hakuna bunge la kumbana mtu.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Wabunge wetu wanaokwenda kwenye vikao vya SADC waulize uchunguzi wa kifo cha Maseko umefikia wapi, na waulize kwa jina. Wahariri wetu, siku mfalme akitua na ndege yake na tukapiga picha za mapokezi, waweke na aya moja kuhusu Mabuza na Dube. Rafiki yangu alimaliza chuo, anafanya kazi Gauteng, bado hakomenti. Juzi nilimtumia rasimu ya haya niliyoandika, akanirudishia voice note akinisahihisha mambo mawili ya kukhonta, alafu akaniomba nitoe jina la kijiji chao, nimelitoa.